Kabla ya Kukata Tiketi ya Kusini: Kuijua Nia ya Safari Baada ya UVIKO-19

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Kufikia hapo watu walikuwa wamekwisha kurudi barabarani. Watalii wa nje walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakashuka hadi 620,867 mwaka 2020, na mwaka 2023 wakafika 1,808,205, wengi kuliko kabla ya ugonjwa. Hao ni wageni wenye pasipoti. Sisi tunaopanda basi la alfajiri Mbagala tukashukia Nangurukuru, Lindi au Mtwara hatuhesabiwi mpakani, ila nasi tumerudi kusafiri, na kila mmoja wetu ana kilichomtoa nyumbani. Hicho ndicho ninachotaka tukitazame, kwa sababu mtu asiyekijua hulipia safari moja akahitaji nyingine.

Siku hizi yanasemwa mengi kuhusu kusafiri kwa kujitambua: kwenda taratibu, kuwajali wenyeji, kutotupa chupa za plastiki ufukweni. Yote ni mema. Lakini yanahusu mtu akiwa njiani, na kazi kubwa iko nyuma ya hapo, kwenye nia. Pwani hii mtoto wa madrasa hufundishwa mapema kwamba matendo huenda na nia. Hata msafiri ana hukumu zake: anaruhusiwa kupunguza sala, anaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani akalipa baadaye. Wazee waliona kwamba safari humbadilishia mtu hali, hivyo yafaa ajue anakwenda kufanya nini.

Watafiti wa utalii nao walifika karibu na hapo kwa njia yao. Mwaka 1977 Graham Dann alitenganisha mambo mawili yanayomwondoa mtu kwake. La kwanza ni msukumo, unaotoka ndani: uchovu, upweke, kutaka kuheshimiwa. La pili ni mvuto, ulioko kule aendako: bahari, magofu, ngoma. Miaka miwili baadaye John Crompton alizungumza na wasafiri wa Marekani, akapata misukumo saba: kuyakimbia mazoea, kujichunguza nafsi, kupumzika, kutafuta hadhi, kurudia mambo ya utotoni, kuimarisha udugu, na kukutana na watu. Akaongeza miwili ya kiutamaduni, ambayo ni kutafuta mambo mapya na kujifunza.

Sasa muulize mtu kwa nini anakwenda Mikindani, mji wa kale karibu na Mtwara. Atakutajia mvuto: nyumba za mawe, boma la Wajerumani, ghuba yenye maji matulivu, au kwamba David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Majibu hayo ni ya kweli lakini hayajibu swali, maana ghuba ilikuwapo mwaka jana na mwaka juzi, naye hakwenda. Kilichobadilika kiko kwake. Mvuto ni rahisi kuutaja kwa sababu haumfunui mtu. Msukumo unamfunua, ndiyo maana wengi tunaufunika hata mbele ya nafsi zetu.

Ugonjwa haukutupita kwa namna moja

Maelezo mengi kuhusu safari za baada ya janga yameandikwa na watu wa London, Milan na New York. Huko watu walifungiwa ndani kwa wiki nyingi, na walipofunguliwa wakasafiri kama wanaolipiza kisasi. Kwa waliofungiwa hayo ni kweli. Kwa mkazi wa Lindi au Masasi hayatoshi, na akiyabeba kama yalivyo atajisoma vibaya.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa, na hazikufunguliwa zote hadi 29 Juni. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Aprili, zikaruhusiwa tena 18 Mei. Lakini hatukufungiwa majumbani. Soko liliendelea, mabasi yaliendelea, korosho za msimu ule ziliokotwa zikapelekwa ghalani. Kilichotupata ni hofu ya kukaribiana. Kijana wa Dar es Salaam alisita kwenda kumwona bibi yake Nachingwea asije akampelekea maradhi. Maziko yakawa ya watu wachache. Waliokuwa Uarabuni na Ulaya walihani kwa simu. Takwimu za ugonjwa zikakoma kutolewa mwishoni mwa Aprili 2020 kwa muda wa zaidi ya mwaka, na zipo familia ambazo hadi leo hazijui kwa hakika ndugu yao aliondoka na nini.

Huku chini kulikuwa na jingine. Wamakonde wa Newala, Tandahimba na vijiji vya Mtwara wana ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Vita vya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, vilivyoanza Oktoba 2017 vilikuwa vimekwisha kuwatia watu woga wa kuvuka, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kikashambuliwa. Machi 2021 ikawa Palma, mji wa huko Cabo Delgado. Kwa familia hizo ugonjwa na vita viliingiana. Mtu anayesema "tangu korona sijamwona shangazi" pengine anazungumzia mambo mawili kwa jina moja.

Kwa hiyo tukiutafuta msukumo wa safari zetu baada ya janga, tusianze na picha ya mtu aliyefunguliwa mlango. Wengi tuna deni.

Safari ya deni

Crompton aliweka kuimarisha udugu kama kimoja kati ya vitu saba. Kwa watu wa Kusini naona kinapaswa kukaa mbele kabisa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo nia inayofichwa mara nyingi chini ya jina la mapumziko.

Tumchukue mwenye duka Kariakoo, mzaliwa wa Tandahimba, aliyefiwa na mjomba Mei 2020. Wamakonde, Wayao na Wamwera hufuata ukoo wa mama. Mjomba ndiye msimamizi wa mambo, ndiye anayeulizwa kwenye posa na kwenye jando. Kutomzika mjomba ni jambo zito. Huyu bwana hakwenda: aliogopa kuupeleka ugonjwa, biashara ilikuwa imelala, na nyumbani wenyewe walimwambia abaki. Arobaini ikapita. Mwaka ukapita. Baada ya miaka mitatu anaanza kusema anataka kwenda kupumzika, awapeleke watoto wakaogelee Msimbati. Anatafuta chumba kizuri, analipa. Akifika hapati usingizi. Chakula kinamkera, watoto wanamkera, kila kitu anakiona cha hovyo. Anarudi Dar akisema Mtwara hakuna huduma.

Chumba hakikuwa na kosa. Alilipia mapumziko akihitaji kuhani.

Safari ya kuhani ina utaratibu wake na hauulizi msiba ni wa lini. Unafikia kwa wafiwa kwanza, kabla ya hoteli na kabla ya ufuo. Unakaa mkekani. Unasimuliwa siku za mwisho za marehemu mwanzo hadi mwisho, hata kama uliambiwa yote kwa simu, kwa kuwa anayesimulia naye anahitaji kukusimulia uso kwa uso. Unatoa ubani, hata ukiwa umechelewa miaka. Unapelekwa kaburini. Kama ni Waislamu, inasomwa dua au hitima. Kama ni Wakristo wa Masasi au Ndanda, huombwa ibada kwa ajili ya marehemu. Ukiwa na mtani pale kijijini, atakusema mbele za watu kwa kuchelewa kwako, watu watacheka, nawe utapumua. Utani una kazi hiyo misibani, na sijaona tiba ya aibu inayoushinda. Baada ya hapo nenda Msimbati. Maji yatakuwa matamu.

Lakini hata safari ya deni ina sura mbili, na hapa kazi ya Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, inasaidia sana. Wao hutenganisha tendo analolifanya mtu kwa kuwa analikubali moyoni na lile analolifanya kwa kusukumwa na adhabu, sifa au haya. Kwa nje matendo hayo mawili yanaweza kufanana kabisa. Ndugu wawili wanakwenda kijiji kimoja, kwa basi moja, na mfuko wa sukari kila mmoja. Mmoja anakwenda kwa sababu amemkumbuka mama mdogo. Mwenziwe anakwenda kwa sababu ya "watasemaje". Wa pili atakaa akiangalia saa, ataacha fedha nyingi kuliko uwezo wake, na ataondoka na kinyongo juu ya watu ambao hawakumwomba kitu. Dini inasema kuunga udugu ni wajibu, na ni kweli, ila wajibu nao mtu anaweza kuuchukua kwa mikono miwili au kuuburuta.

Simlaumu wa pili. Ninachosema ni kwamba akiijua hali yake anaweza kuitengeneza. Aende siku chache, asizidishe zawadi, amtafute yule mmoja pale kijijini anayempenda kweli na akae naye zaidi. Moyo huanzia hapo.

Kuonekana, kupumzika, kutaka kujua

Kutafuta hadhi kumo kwenye orodha ya Crompton na hakuna haja ya kukuonea aibu. Zamani mtu aliporudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga alirudi na nguo na baiskeli, na kijiji kikajua kwamba amefika mahali. Leo ni picha ya simu. Baada ya janga hamu hiyo imeongezeka, nami naielewa: watu waliona uhai unavyokatika wakataka ijulikane kwamba wapo. Tatizo huanza pale hadhi yako inapotafutwa kwa mgongo wa mwenyeji. Unyago na jando si maonyesho. Mwali anayetolewa, au kijana aliye jandoni, hajakaa pale ili mgeni ampige picha, na mambo ya ndani ya jando hayarekodiwi hata ukiwa ndugu. Vilevile mtoto wa Kilwa Kisiwani anayecheza karibu na magofu ana mama yake, na mama huyo anafaa kuombwa ruhusa kwanza. Ukikuta kwamba bila picha safari haina maana kwako, basi umeijua nia yako. Nenda mahali ambapo picha haimgharimu mtu.

Mapumziko ni jambo la pili, na hapa kuna utafiti unaostahili kujulikana. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 1,530 wa Uholanzi. Waliokuwa wakingojea likizo walikuwa na furaha kuliko wasio na safari. Waliporudi, tofauti haikuonekana tena, isipokuwa kwa wale waliosema safari yao ilikuwa ya utulivu sana. Furaha nyingi, kumbe, ilikuwa kwenye kungoja, na ya baada ya safari ilibaki kwa aliyetulia.

Tuilete kwetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji mwaka 2003, na baadaye kile kipande cha kilomita 60 cha Ndundu hadi Somanga kilichowalaza watu njiani kila masika kiwekwe lami, mtu hushawishika kuona kila kitu ndani ya siku nne: Kilwa, Lindi, Mikindani, Msimbati, apande na Newala kwenye ukingo wa uwanda akatazame Msumbiji. Hayo si mapumziko. Aliyechoka achague mji mmoja. Lindi mjini panatosha: ufuo wa ghuba, upepo wa kusi kati ya Juni na Septemba, samaki jioni, ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha asubuhi kwa chumvi na pilipili, na hakuna anayekuuliza ratiba. Na apange mapema, kwa kuwa miezi ya kungoja nayo ni sehemu ya alichokilipia.

Nia ya kutaka kujua inadai mengine kabisa. Mfano wangu ni Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi mwa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria, na wapagazi wetu wakaibeba kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ukiwa mita 13.27. Anayekwenda Tendaguru leo hakuti mifupa iliyosimamishwa. Anakuta kilima na msitu. Aliyefuata cha kuonekana atasikitika. Aliyefuata cha kujua atasimama pale akifikiria uzito ule na njia ile ya miguu, atauliza wazee walisikia nini kwa babu zao, atauliza kwa nini mifupa iko Berlin na sisi tumebaki na kilima, na atarudi na maswali ya kumtosha mwaka mzima.

Kilwa Kisiwani ni hivyo hivyo. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji ule. Leo ipo miongoni mwa Urithi wa Dunia pamoja na Songo Mnara tangu 1981, na kwa miaka kumi, 2004 hadi 2014, magofu hayo yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwenye haraka atauona Msikiti Mkuu na Gereza, ile ngome ya kale, ndani ya saa moja. Mwenye kutaka kujua atachukua kibali Kilwa Masoko asubuhi, atamlipa mwongoza wageni wa pale pale, atatembea hadi Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kifalme, na atakumbuka kwamba kisiwa kina wakazi, wana visima vyao, misikiti yao na makaburi yao ya jana na juzi. Baada ya miaka ile ya ugonjwa, kukanyaga makaburi kwa kupiga stori ni jambo ambalo hata wageni wa mbali sana nadhani wanalielewa.

Namna ya kuiona nia yako

Nia hazikai moja moja. Mtu hubeba tatu kwa pamoja, na si lazima ajisafishe abaki na moja. Kinachotakiwa ni kujua ipi inaendesha, maana hiyo ndiyo itakayokusumbua usipoihudumia.

Angalia ni nani uliyemwambia kwanza habari za safari. Kama ni wafanyakazi wenzako, hadhi imo. Kama ni dada yako, kwa sauti ya chini, deni limo. Angalia pia unachokiogopa: anayeogopa mvua itaharibu picha na anayeogopa kukutana na mjane wa kaka yake wako kwenye safari mbili tofauti hata kama wamekaa kiti kimoja. Jipe swali la simu: kama simu ingezimika ukiwa njiani, Kibiti, ikakataa kuwaka hadi unarudi, ungeendelea? Na jipe swali la jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukiambiwa siku ya tatu uingie shambani kuokota korosho au kubangua, utafurahi au utatafuta basi? Anayefurahi amekwenda kwa watu. Anayetafuta basi amekwenda kupumzika, na angefanya vizuri kulala gesti asiwabebeshe wenyeji malazi.

Na mwenyeji naye ana msimu. Oktoba hadi Desemba ni miezi ya korosho, watu wako mashambani na kwenye minada, fedha zipo lakini nafasi hakuna. Masika ni matope na mbu. Miezi ya baridi baada ya mavuno ya chakula ndiyo ya kukaa na kuzungumza. Aliyekwenda kwa ajili ya watu atapiga simu kwanza aulize lini panafaa. Aliyekwenda kwa ajili yake mwenyewe atatoa taarifa akiwa Mingoyo, karibu kufika.

Kipimo kikubwa huja safari inapokatika. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara eneo la Somanga, na Kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa njia ya kawaida. Aliyelazimika kupita alizungukia Songea, Tunduru na Masasi, zaidi ya kilomita 1,500 kufika Mtwara. Kwa kumwona mgonjwa, watu huenda. Kwa ufuo wa bahari, hakuna ubaya kungoja lami ijengwe. Ukijiuliza kabla ya kuilipia tiketi kama ungezunguka hivyo, utajua mengi.

Swali lile lile lifanyie kazi ukiwa na homa na kikohozi siku moja kabla ya kuondoka. Anayekwenda kwa kuogopa maneno ya watu atapanda basi hivyo hivyo, akakae kwa muda wa saa kumi karibu na mzee wa watu, kisha akamkumbatie bibi mwenye miaka themanini. Anayekwenda kwa mapenzi anaweza kuahirisha, na miaka ile imetupa ruhusa ya kusema wazi, "Naumwa, sitaki kuwaambukiza." Apige simu mapema tu, kabla hawajakwenda feri kununua samaki wa wageni.